UZI: Poka. Umebetiwa zaidi ya poti nzima (fedha zote zilizobetiwa mezani) kwenye riva, karata ya tano na ya mwisho. Ulipe au utupe karata?

Shupaza9

Wakuu, salaam. Swali hili linarudi kila mara kwa sura tofauti: "Nina jozi ya juu, jamaa kamwaga chipu zote, nifanyeje?" Majibu nayo ni yale yale. Mmoja anasema lipa, huyo anapiga mkwara, yaani anabeti bila karata za kushinda. Mwingine anasema tupa, ana seti huyo (karata tatu za namba moja). Wote wawili wanabashiri. Humu tuweke utaratibu wa kuamua, kwa namba, kwenye Texas Hold'em isiyo na kikomo cha beti: karata mbili mkononi, tano za wote mezani. Omaha, aina nyingine ya poka, ina mambo yake, ianzishiwe uzi wake.

Kitu cha kwanza ni bei. Kabla hujamwangalia mtu usoni, jua unanunua kwa shilingi ngapi. Chukua kiasi unachotakiwa kulipa, gawa kwa poti itakavyokuwa ukishalipa, yaani poti iliyokuwepo, beti yake na malipo yako. Jibu ndiyo asilimia ya chini unayotakiwa kushinda ili usile hasara.

Poti ina 1,000, kabeti 500: unalipa 500 kwenye poti itakayokuwa 2,000, asilimia 25. Akibeti 1,000 ni 33.3. Akibeti 1,500 ni 37.5. Akibeti 2,000 ni 40. Akibeti 3,000 ni karibu 43. Tazama hapo: beti imekua mara sita, bei imetoka 25 ikafika 43 tu. Hata akiweka mara mia ya poti haifiki 50. Kwa hiyo anayesema "beti kubwa hivi lazima niwe na uhakika" anajidanganya. Hakuna beti ya riva kwenye meza ya fedha inayokudai ushinde zaidi ya nusu, ukiacha makato ya nyumba (kiasi ambacho kasino inakata kwenye poti).

Kitu cha pili: mkono wako unashinda nini? Mtu akibeti kupita poti, mara nyingi ana kitu kikubwa au hana kitu. Mwenye jozi ya katikati habeti hivyo. Kama mkono wako unashindwa na mikono yake yote ya kweli na unashinda mikwara yake yote, basi una mkono wa kunasa mkwara, basi. Hapo uzuri wa jozi yako haubadilishi sana jambo. Kinachobadilisha ni idadi: mikono ya kweli ni mingapi, mikwara ni mingapi.

Tuhesabu. Blaindi (beti za lazima kabla ya karata) 100/200, wote wawili mmeanza na 12,750. Jamaa wa kiti kimoja kabla ya batani (kiti cha mgawaji) kafungua 500, wewe upo blaindi kubwa na K ya uru na Q ya kopa, umelipa. Poti 1,100, pamoja na 100 ya blaindi ndogo aliyetupa. Flopu (karata tatu za kwanza mezani) ni K ya shupaza, 9 ya shupaza, 4 ya uru. Kabeti 750, umelipa, poti 2,600. Karata ya nne ni 7 ya kopa. Kabeti 1,900, umelipa, poti 6,400. Riva ni 2 ya pau. Anamwaga 9,600 zote zilizobaki, mara moja na nusu ya poti. Bei: 9,600 gawa kwa 25,600, asilimia 37.5.

Kanuni ya kuhesabu michanganyiko: jozi yoyote kabla hujaona karata ina michanganyiko 6, karata mbili tofauti zina 16 (4 za alama moja, 12 za alama tofauti). Karata moja ya jozi ikionekana, zinabaki 3. Zikionekana mbili, inabaki 1.

Mikono yake ya kweli:
KK 1 tu, kwa sababu K moja ipo mezani na moja unayo. 99 zipo 3, 77 zipo 3, 44 zipo 3. Hizo 10. K9 za alama moja 2 (kopa na pau), K7 ya pau 1. Tumefika 13. AA 6. AK: K zilizobaki ni mbili, A ni nne, hivyo 8. Jumla 27. Jozi ya 22 nimeiacha, kwani wachache wanaibeti flopu na karata ya nne kwenye meza kama hii.

Drou zilizokufa, yaani mikono iliyosubiri flashi (karata tano za alama moja) au streti (tano zinazofuatana) na haikupata:
Shupaza zenye A bila jozi: AQ, AJ, AT (T ni 10), A8, A6, A5, A3, ni 7. Shupaza nyingine: QJ, QT, Q8, JT, J8, T8, 86, 65, ni 8. Halafu za streti za alama nyingine: JT 3, T8 3, 86 3, 65 3, ni 12. Jumla 27.

Ili ulipe bila hasara kwa bei ya 37.5, mikwara lazima iwe 0.6 ya mikono ya kweli. Kama 27 zote za kweli zinamwagwa, unahitaji mikwara 16. Yaani jamaa amwage asilimia 60 ya drou zake zilizokufa. Hapo ndipo swali la kweli lilipo: huyu mtu, kwenye riva hii, anamwaga drou 16 kati ya 27? Siyo "je, anaweza kupiga mkwara." Kila mtu anaweza.

Mwana wa Nyali

Uzi wa maana huu. Lakini niulize. Kuna ile kanuni ya kujilinda: poti gawa kwa poti pamoja na beti. Hapa 6,400 gawa kwa 16,000 ni asilimia 40. Si inamaanisha lazima nilipe na asilimia 40 ya mikono yangu, la sivyo ananinyonya kila siku? KQ kwenye meza hii iko juu kwenye mikono yangu. Mimi ningelipa kwa kanuni hiyo peke yake.

BintiHesabu

Hapo ndipo wengi wanaumia. Kanuni hiyo inajibu swali tofauti. Inakuambia: ukitupa zaidi ya asilimia 60, mpinzani anaweza kumwaga karata yoyote mbili akapata faida, kwa kuwa mkwara wake wa 9,600 unawinda 6,400 na unatakiwa ufaulu mara 60 kati ya 100. Ni kinga dhidi ya mtu anayejua kukunyonya na anayefanya hivyo. Kama mpinzani hapigi mkwara kiasi hicho, kulipa asilimia 40 ni kumgawia chipu zako kwa jina la kanuni.

Kwa hiyo bei ya kulipa (37.5) inahusu karata zake. Kanuni ya kujilinda (40) inahusu karata zako. Dhidi ya mtu usiyemjua kabisa, anayecheza vizuri, itumie kama mahali pa kuanzia. Dhidi ya mtu ambaye hajawahi kuonyesha mkwara wa riva ukiwa macho, iache.

Halafu "KQ iko juu kwenye mikono yangu" ni kweli kwa macho tu. Una 99 nyingine na 44 na 77 ulizolipa nazo kimya, una K9, una 97 ya alama moja, una AK kama hukupandisha kabla ya flopu. Kabla hujasema iko juu, ziandike zote.

Mdau_wa_Riva

Hesabu ya mleta uzi ni safi, ila mikwara 27 ni ya kwenye karatasi. Nitaipunguza kidogo.

Zile 7 za shupaza zenye A hazifi kabisa riva ikipita. A peke yake inashinda drou zako zilizokufa wewe uliyekuwa unalipa (JT, T8, QJ). Kwa hiyo mchezaji mwenye akili mara nyingi anagonga meza (anapita bila kubeti) na kutazama, anaokoa sehemu ya poti bure. Drou za chini kama 65 na 86 ndizo zinazopenda mkwara, kwa sababu haziwezi kushinda kwa njia nyingine.

Pia zile 12 za streti: 65 na 86 zisizo na shupaza hazikuwa na kitu chochote kwenye flopu. Ili zifike riva kwa mkwara, jamaa lazima awe alibeti flopu na hewa tupu, kisha akapata drou kwenye ile 7. Wapo wanaofanya hivyo. Kwenye meza ndogo si wengi.

Ukitoa nusu ya zile za A na nusu ya hizo 6, unabaki na takriban 20. Sasa amwage 16 kati ya 20, asilimia 80. Kwa mchezaji wa kawaida wa meza ndogo mimi natupa KQ bila kusitasita.

Shupaza9

Nakubali, mkuu, ila punguza pande zote mbili. Wachezaji wengi hawamwagi AA na AK kwa mara moja na nusu ya poti, wanaogopa seti. Wanabeti nusu au theluthi mbili. Kama huyu anamwaga hizo 13 tu (seti na jozi mbili), basi mikwara 8 inatosha. Kati ya 20 zako ni asilimia 40. Kwa hiyo kumjua mtu kwamba "AK huwa anabeti kidogo" ni habari inayohamisha uamuzi kuliko kumjua kwamba "ni mkali". Watu hawaiandiki kwenye kumbukumbu zao. Wanaandika "huyu kichaa".

Kopa_Nyekundu

Kwa hiyo Q ya kopa au Q ya shupaza ina tofauti? Nimesikia habari za karata za kuzuia, naona kama uchawi.

BintiHesabu

Si uchawi, ni kutoa. Karata uliyoishika yeye hawezi kuwa nayo.

Ukiwa na K ya uru na Q ya shupaza, umefuta AQ, QJ, QT na Q8 za shupaza. Mikwara minne imeondoka, kati ya 27 zimebaki 23. Mikono ya kweli haijaguswa hata mmoja. Jozi ni ile ile, kika (karata ya pembeni ya jozi) ni ile ile, lakini kulipa kumekuwa kubaya zaidi. Watu wanafurahi kushika shupaza kwa sababu "nilikuwa na nafasi ya flashi nyuma ya mlango" (ile inayohitaji karata mbili zaidi). Kwenye riva ambayo flashi haikufika, shupaza mkononi mwako ni hasara.

Sasa geuza. Una A ya kopa na K ya uru. AA zake zimeshuka kutoka 6 hadi 3, AK kutoka 8 hadi 6, na hizo 6 mnagawana badala ya kushindwa. Zinazokushinda ni 16 tu. Ndiyo maana AK inalipa mahali ambapo KQ inatupa.

Na ukishika 9 ya kopa na 8 ya kopa? Wengine wanasema "nazuia 99". Kweli, zinashuka kutoka 3 hadi 1. Lakini sasa huna K, hivyo KK zimerudi 3 na AK zimekuwa 12. Umezuia mbili ukafungulia sita. Na hiyo 8 ya kopa inamfutia T8 na 86 za kopa, ambazo ni mikwara.

Mdau_wa_Riva

Mfano wa hadharani wa jambo hili ni fainali ya mashindano makuu ya World Series of Poker mwaka 2003, Las Vegas, wakiwa wamebaki wawili. Sam Farha ana Q ya shupaza na 9 ya kopa. Chris Moneymaker ana K ya shupaza na 7 ya kopa. Flopu: 9 ya shupaza, 2 ya uru, 6 ya shupaza. Karata ya nne: 8 ya shupaza. Hapo Moneymaker kapandisha beti ya Farha. Riva: 3 ya kopa. Moneymaker kamwaga zote, hana kitu. Farha mwenye jozi ya juu katupa.

Usimhukumu kwa matokeo. Hesabu karata. Mezani kuna shupaza tatu, flashi imeshafika. Farha asingekuwa na Q ya shupaza, michanganyiko ya flashi ingekuwa 45 (shupaza 10 zilizobaki, mbili mbili). Akiwa nayo, ni 36. Upande wa mikwara, karata zinazopenda kumwaga hapo ni A ya shupaza au K ya shupaza ikiwa peke yake na karata isiyofaa, na Farha hakuwa na yoyote kati ya hizo. Kwa upande wa karata za kuzuia, mkono wake ulikuwa mzuri wa kulipa kuliko, tuseme, 9 pamoja na A ya shupaza. Upande wa pili kuna T7 na 75 za streti, seti na jozi mbili, na mtu aliyepandisha karata ya nne. Ulikuwa uamuzi mgumu kweli, na ni kwa sababu Moneymaker alichagua karata sahihi ya kupigia mkwara: K ya shupaza inafuta flashi nyingi za mpinzani.

Tofauti na mkono wa mleta uzi: flashi ikifika, shupaza mkononi mwako inazuia mikono ya kweli. Flashi ikipita, inazuia mikwara. Karata moja, kazi mbili kinyume.

Kifaru_Mtaani

Naongeza vitu vifupi ambavyo naona vinawala watu.

"Nimeshaweka 3,150, siwezi kutoka sasa." Hizo 3,150 si zako tena, zimo ndani ya 6,400. Ukitaka kuzihesabu, zimeshahesabiwa upande wa zawadi. Ukizihesabu tena kama sababu ya kulipa umezihesabu mara mbili.

Makato ya nyumba. Wakikata asilimia 5, beti ya poti nzima haidai 33.3 tena: 100 gawa kwa 285 ni 35.1. Kama kuna kikomo cha makato na poti imeshakifikia, toa kile kiasi cha kikomo kwenye poti badala ya asilimia. Kwenye meza ndogo sana ambako kikomo hakifikiwi, mikono ya kulipa kwa tofauti ndogo inageuka ya kutupa.

Kupandishiwa riva. Poti 5,000, umebeti 3,000, kapandisha hadi 12,000. Unalipa 9,000 kupata 20,000, asilimia 31. Bei inaonekana tamu. Lakini mwenye drou iliyokufa aliyebetiwa mara nyingi anatupa tu. Kupandisha kwa mkwara kwenye riva kunahitaji roho ambayo wengi hawana. Kwenye meza ndogo, jozi moja hapo ni ya kutupa hata kwa bei hiyo, na jozi mbili za chini pia.

Meza kavu. K ya pau, 8 ya uru, 3 ya kopa, 3 ya shupaza, 2 ya uru. Kamwaga mara mbili ya poti. Niambieni drou iliyokufa hapo ni ipi. Kama huwezi kutaja mikwara kwa majina, idadi yake ni karibu na sifuri, na asilimia 40 utaitoa wapi?

Kopa_Nyekundu

Nimeelewa riva. Na mtu akibeti poti nzima kwenye karata ya nne, nikiwa na drou ya flashi? Wengine wanasema zidisha karata zako kwa nne, 9 mara 4 ni 36, bei ni 33, lipa.

Shupaza9

Kuzidisha kwa nne ni kwa flopu, na ni pale tu utakapoziona karata zote mbili bila kulipa tena, yaani mmoja wenu ameshamwaga zote. Flopu kwa drou ya flashi, namba kamili ni asilimia 35. Kwenye karata ya nne imebaki moja: 9 gawa kwa 46, asilimia 19.6. Zidisha kwa mbili ukitaka haraka, utapata 18.

Poti 6,000, kabeti 6,000. Unahitaji 33.3, unayo 19.6. Kwa bei ya sasa ni kutupa. Ukilipa, unategemea utakachokula kwenye riva. Kiasi gani? Mara 37 kati ya 46 unapoteza 6,000, jumla 222,000. Mara 9 unashinda 12,000 pamoja na kile cha ziada. Gawa 222,000 kwa 9 upate 24,667, toa 12,000: kila flashi ikifika lazima uvune 12,667 nyingine kwa wastani. Poti ya riva itakuwa 18,000, kwa hiyo ni kama asilimia 70 ya poti, kila mara, pamoja na zile mara ambazo ataona shupaza ya tatu na kugonga meza. Kwanza angalia staki yake (chipu alizobakiwa nazo). Kama amebakiwa na 8,000, mjadala umekwisha, tupa.

Halafu si shupaza zote 9 ni zako. Tuseme una A na 5 za shupaza, meza ni K ya shupaza, 9 ya shupaza, 4 ya uru, 7 ya kopa. Kama yeye ana 99, basi 4 ya shupaza na 7 ya shupaza zinampa ful hausi (tatu za namba moja pamoja na jozi), inayoshinda flashi. Umebaki na 7 safi. Na ukiwa na flashi ndogo, 6 na 5 za shupaza, utakapolipwa pesa nyingi ni pale mwenzio ana flashi kubwa kuliko yako.

Mkono wa kunasa mkwara kwenye karata ya nne nao una ada ya siri: ukilipa leo, utabetiwa tena riva. Ukijua kwamba utatupa karibu kila riva akimwaga, ni afadhali utupe sasa. Kulipa karata ya nne "nione" halafu kutupa riva ndiko kunakomaliza staki polepole.

Mwana wa Nyali

Na hizi beti za kupita poti zimetoka wapi? Zamani mtu akibeti theluthi mbili ilionekana amebeti sana.

BintiHesabu

Programu zilisaidia kuzieneza. Januari 2017 huko Pittsburgh, programu iitwayo Libratus, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza mikono 120,000 ya ana kwa ana dhidi ya wataalamu wanne na kuwashinda, na beti kubwa kuliko poti zilikuwa sehemu ya mchezo wake. Ila programu inapobeti mara mbili ya poti kwenye riva, inaweka mikwara miwili kwa kila mikono mitatu ya kweli, ili usijue ulipe au utupe. Binadamu anaiga ukubwa wa beti, haigi uwiano. Wengi wanaoiga wanamwaga wakiwa na karata kubwa tu. Wachache wamelewa ile raha ya kumwaga na wanazidisha mikwara. Huyo wa pili mlipe hata ukiwa na 9 na 8 tu mkononi. Wa kwanza mwachie.

Dada_Karata

Kwenye mashindano je? Hesabu hizi zinabaki?

Mdau_wa_Riva

Hazibaki. Chipu za mashindano si pesa, na chipu unayoipoteza ina uzito kuliko unayoishinda. Mfano uliokithiri ni mchujo wa tiketi (mashindano madogo ambayo zawadi ni tiketi za kuingia makubwa). Tiketi 3 sawa kwa sawa, mmebaki wanne, staki zinalingana. Kila mmoja ana robo tatu ya tiketi. Mmoja kamwaga zote kabla ya flopu, wewe peke yako umebaki wa kujibu. Ukitupa unabaki na karibu asilimia 75 ya tiketi. Ukilipa na kushinda unapata 100, ukishindwa sifuri. Kwa hiyo unahitaji kushinda asilimia 75, wakati kwenye meza ya fedha ungehitaji chini kidogo ya 50.

AK ya alama moja dhidi ya karata zozote mbili inashinda karibu asilimia 67. Inatupwa, hata kama jamaa anamwaga kwa kufumba macho. TT dhidi ya karata zozote ni karibu 75, ipo kwenye mpaka. Akimwaga kwa karata nzuri nzuri tu, hata QQ inaanza kuwa na mashaka, kwa sababu anapokuwa na A na kitu, QQ inashinda kama 70 hivi. Kwenye mashindano ya kawaida shinikizo halifikii hapo isipokuwa mkikaribia malipo au meza ya mwisho, ila mwelekeo ni ule ule: ongeza kwenye bei kabla ya kulipa. Aliye na staki kubwa akikumwagia anaijua hesabu hii, ndiyo maana anakumwagia.

Kopa_Nyekundu

Mezani una sekunde 20 au 30. Nani atahesabu mikono 27?

Shupaza9

Huhitaji kuhesabu zote. Shika uwiano huu kichwani: beti ya nusu poti, mkwara mmoja kwa kila mikono mitatu ya kweli. Poti nzima, mmoja kwa miwili. Moja na nusu, mitatu kwa mitano. Mara mbili, miwili kwa mitatu. Anza na seti na jozi mbili, hizo ni haraka: kila seti ni 3, isipokuwa unayoizuia. Zidisha kwa uwiano, umepata idadi ya mikwara unayoitafuta. Kisha taja drou moja moja mpaka ufikie idadi hiyo. Ukiishiwa kabla ya kufika, tupa. Ukiifikia mapema na bado una nyingine za kutaja, lipa.

Na karata zikifunuliwa, hata kama mkono haukuwa wako, andika vitu vitatu: ukubwa wa beti kwa kulinganisha na poti, alikuwa na nini, na kama drou ilikufa au ilifika. Mfano: "1.5x riva, drou imekufa, 77 seti." Au: "0.5x riva, AK." Mistari sita ya namna hiyo kwa mchezaji mmoja inakusaidia kuliko kumkodolea macho anavyopumua.

Kifaru_Mtaani

Ongeza na cha nne, mkuu: kama alikuwa wa kwanza kucheza au wa mwisho. Anayemwaga baada ya wewe kugonga meza mara tatu ana mikwara mingi kuliko anayejitosa kumwaga mbele yako bila kuulizwa.